Naenda Chicago kumuuguza kaka, nina kibali cha bastola cha Ohio: niibebe au niiache?

MamaTumaini

Salaam ndugu zangu. Nimeandika na kufuta mara tatu, mniwie radhi nikirefusha.

Naishi Columbus, Ohio, huu mwaka wa saba. Nilikuja na mwanangu kwa bahati nasibu ya viza, nina grin kadi, na fomu ya uraia nimeshapeleka, nasubiri kuitwa kwenye usaili. Nafanya zamu ya usiku kwenye ghala. Miaka mitatu iliyopita nilitoka kazini saa tisa na nusu usiku, vijana wawili wakanibana kwenye maegesho. Walichukua pochi, simu na ufunguo wa gari, na mmoja akanipiga na kitako cha bastola hapa juu ya sikio. Kovu lipo mpaka leo. Nilikaa miezi minne siwezi kuvuka ule mlango wa kazini bila kuomba mtu anisindikize.

Ndipo nikaenda kujifunza kwa muda wa saa nane, kama Ohio inavyotaka, nikaomba kibali kwa sherifu wa kaunti, nikanunua bastola ndogo ya milimita 9 yenye magazini ya risasi 10. Najua tangu Juni 2022 Ohio haimdai mtu mzima kibali cha kuibeba kwa kificho. Mimi nilikitaka. Nilitaka mtu aliyebobea anisimamie mpaka mikono iache kutetemeka, na nilitaka karatasi yenye jina langu. Tangu hapo naibeba kwenye ala ndani ya kiuno cha suruali kila nikienda kazini. Sijawahi kuichomoa mbele ya mtu, na naomba Mungu isije siku hiyo.

Sasa kaka yangu mkubwa yuko Chicago na wiki ijayo anapasuliwa moyo. Mke hana, watoto wake wako Mwanza, ndugu yake upande huu wa bahari ni mimi peke yangu. Nitakaa naye wiki mbili. Mchana na jioni nitakuwa hospitali, usiku nitarudi kulala kwenye chumba chake upande wa kusini wa jiji. Sijawahi kukanyaga Chicago. Naambiwa gereji ya magari ya wageni iko ng'ambo ya barabara, na nitakuwa natoka saa tano au saa sita usiku, peke yangu, kwenye mitaa nisiyoijua kichwa wala mkia. Nikifikiria ile gereji, kovu linaanza kuwasha.

Nitaendesha mwenyewe: barabara kuu ya I-70 hadi Indianapolis, halafu I-65 kupanda hadi Gary, niingie Chicago. Je, kibali cha Ohio kinakubalika Illinois, jimbo la Chicago? Kama hakikubaliki, naweza kuiacha garini, na naiwekaje? Polisi akinisimamisha niseme nini? Rafiki yangu kazini anasema kwa kuwa leseni ya udereva ya Ohio inakubalika majimbo yote, na hiki ni vivyo hivyo. Moyo wangu unakataa.

Tafadhali, ubishi wa kama mtu awe na silaha au asiwe nayo tuuache kwa leo. Nahitaji wenye uzoefu.

Kijana_wa_I75

Pole sana dada, Mungu amponye kaka. Kwa maoni yangu ibebe. Siku hizi majimbo 29 hayadai kibali kabisa, na kuna sheria ya shirikisho ya 1986 inayomlinda msafiri mwenye silaha popote anapopita. Wewe una kibali, huna rekodi, unaogopa nini? Mwanamke peke yake usiku katika jiji geni, hapo ndipo hasa inapohitajika. Mimi nimeshaenda Tennessee, Kentucky na Georgia na yangu kiunoni, hakuna aliyeniuliza.

DerevaMstaafu

Mwanangu, pole kwa kaka, na pole kwa hilo kovu. Nimeendesha lori kubwa katika nchi hii miaka 19, majimbo 48 ya bara nimeyapita yote, na swali unalouliza ndilo lililonilaza ndani usiku tatu. Niruhusu nieleze taratibu.

Nianze na rafiki yako wa kazini. Leseni ya udereva inaheshimiwa kila mahali kwa sababu majimbo yamekubaliana kuheshimiana. Kwenye vibali vya silaha hakuna makubaliano ya nchi nzima. Kila jimbo linachagua lenyewe litavitambua vya nani. Desemba 2017 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa kuyalazimisha yote yatambuane, ukafia Seneti. Kwa hiyo kila unapovuka daraja au kibao cha "karibu", wewe ni mgeni upya.

Kwa safari yako ni hivi. Indiana, jimbo la Indianapolis utakalolipita kwanza, inatambua vibali vya majimbo yote, na tangu Julai 2022 hata wenyewe hawadai. Illinois ni habari nyingine. Katika majimbo yote 50 ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuruhusu mtu wa kawaida kubeba silaha kwa kificho, mwaka 2013, tena baada ya mahakama ya rufaa kuishurutisha Desemba 2012. Haitambui kibali cha jimbo lolote lingine. Kuna kibali chao cha mgeni kwa watu wa majimbo machache ambayo sheria zake wanaziona zinafanana na zao, lakini mafunzo yake ni saa 16, na wewe unaondoka wiki ijayo.

Wamekuachia kijimlango kimoja. Mgeni mwenye kibali cha jimbo lake mwenyewe anaruhusiwa kuwa na bastola yake ndani ya gari. Ndani ya gari, basi. Ukishuka inabaki humo, gari limefungwa au bastola imefungiwa ndani ya kasha. Mguu wako ukigusa lami ya Chicago na ile kitu iko kiunoni, hilo ni kosa kubwa la jinai, na hata kwa mara ya kwanza kifungo chake ni mwaka mmoja hadi mitatu.

Kijana, hiyo sheria ya 1986 ipo, na mimi niliijua kwa moyo kama wewe. Lakini isome yote. Inamlinda anayepita, kutoka mahali anaporuhusiwa kubeba kwenda mahali anaporuhusiwa kubeba. Bastola iwe haina risasi, na yenyewe wala risasi zisifikike kutoka kwenye viti. Gari lisilo na buti linahitaji kasha lenye kufuli, na kile kisanduku cha dashibodi au cha katikati ya viti hakihesabiki. Tennessee, Kentucky na Georgia hukuulizwa kwa sababu ulikuwa kwenye majimbo ya aina moja. Dada yako anakwenda kukaa wiki mbili mahali ambapo kibali chake hakitambuliwi.

Sasa yangu. Mwaka 2008 nilikuwa na grin kadi, kama wewe leo. Nilikuwa na kibali cha jimbo langu la kusini, na bastola ilikaa kwenye kabati dogo nyuma ya kiti changu, na risasi zake ndani. Nikaingia jimbo moja la pwani ya mashariki na mzigo wa matairi. Askari alinisimamisha kwa taa ya breki iliyokufa. Akauliza kama nina silaha. Nikajibu ndiyo kwa uso mkunjufu kabisa, nikampa kibali, maana nilifundishwa kuwa mkweli kwa askari. Alikitazama, akakirudisha, akaniambia niteremke na nigeuke. Pingu zilifungwa mbele ya lori langu mwenyewe, injini bado inanguruma.

Usiku tatu. Halafu mwendesha mashtaka akaleta alichokiita huruma: nikiri kosa, nilipe faini, nikae chini ya uangalizi mwaka mmoja, jela hakuna. Wakili niliyepewa akasema chukua, ni bahati. Nilikuwa na kalamu mkononi. Mke wangu ndiye aliyekataa. Alikuwa ametafuta wakili wa mambo ya uhamiaji usiku ule, akamweleza hivi: kwa mtu asiye raia, kosa la kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria peke yake linatosha kuondolewa nchini. Halihitaji kuwa na kifungo kirefu. Na ukishakiri mbele ya hakimu na kupewa adhabu yoyote, hata uangalizi tu, kwa macho ya uhamiaji umetiwa hatiani, hata kama mahakama ya jimbo itafuta kesi baadaye. Ile huruma ingenipandisha ndege.

Tulipigana mwaka mmoja na miezi miwili. Mashtaka yakaondolewa. Kazi nilishapoteza, akiba ya nyumba ilikwenda kwa mawakili, bastola sikurudishiwa. Na fomu ya uraia, unajua ilivyo, inauliza kama umewahi kukamatwa, siyo kama umewahi kufungwa. Nilieleza ile taa ya breki mbele ya afisa kwa saa nzima.

Miaka miwili baada ya yangu, Machi 2010, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky: wakili wa jinai ana wajibu wa kumwambia mteja mhamiaji kwamba kukiri kosa kunaweza kumfukuzisha. Yule Padilla alikuwa dereva wa lori mwenye grin kadi, ameishi hapa zaidi ya miaka 40 na alipigana Vietnam. Yeye walimkuta na bangi. Nilisoma ile hukumu nikiwa nimeegesha kwenye kituo cha malori, nikalia.

Kuna la shule pia, ambalo karibu hakuna anayelijua. Sheria ya shirikisho inakataza silaha ndani ya futi 1,000 za shule, kama mita 300. Mahakama Kuu iliitengua 1995, Bunge likairekebisha na kuirudisha 1996. Inamsamehe mwenye kibali, lakini kibali cha jimbo ilipo hiyo shule. Chako cha Ohio hakikusamehe ukiwa Indianapolis. Ukiacha barabara kuu kutafuta mafuta au chakula, ukapita mbele ya shule ya msingi na bastola kiunoni, umo ndani ya ile duara. Inayosameheka ni isiyo na risasi, iliyofungiwa ndani ya kasha lenye kufuli. Kwa hiyo hata Indiana inakokuruhusu, mimi nisingeivaa.

Mwisho, na hili ndilo ninaloomba ulitafakari kuliko yote. Nimesoma ulichoandika mara mbili. Unachokiogopa hukitaji barabarani wala chumbani kwa kaka. Unaogopa hatua mia mbili kati ya mlango wa hospitali na mlango wa gari. Hospitalini hairuhusiwi. Barabarani kwa mguu hairuhusiwi kwako. Kwa hiyo hata ukiisafirisha maili 350, katika zile hatua mia mbili itakuwa imefungiwa garini na wewe uko nje yake. Haitakusaidia mahali pekee unapoitaka, na kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku itakuwa peke yake kwenye gereji ya umma ikisubiri mtu wa kuvunja kioo.

Iache kwenye sefu Columbus. Hiyo ndiyo rai yangu. Halafu kwa zile hatua, nenda kwenye meza ya walinzi wa hospitali jioni ya kwanza kabisa, mchana ungali mweupe, jitambulishe, sema ndugu yako ni mgonjwa ghorofa fulani na utakuwa unatoka usiku. Hospitali nyingi kubwa nchi hii walinzi wake humsindikiza mtu hadi kwenye gari akiomba. Hawaombwi kwa sababu watu wanaona haya.

BiRehema_Phoenix

Shikamoo mzee. Umeniliza na hiyo kalamu.

Dada, ya barabara yameshasemwa, mimi nasafiri zaidi kwa ndege, kwa hiyo nikuwekee haya endapo mipango itageuka na kaka akakuita ghafla. Bastola haipandi na wewe ndani ya ndege hata iwe nini. Inakwenda kwenye mzigo wa chini: haina risasi, ndani ya kasha gumu lenye kufuli, na ufunguo unakaa nao wewe. Unaitangaza kaunta ya shirika la ndege unapokabidhi mzigo, unatia sahihi kadi, unasubiri pale karibu mpaka mkoba upite, wasije wakahitaji kuufungua. Risasi ziwe kwenye boksi lake la katoni ngumu, plastiki, mbao au chuma; mashirika mengi yanakomea kilo 5. Kaa umepiga simu shirika lenyewe mapema, maana kila moja lina vijambo vyake.

Kinachowaponza wengi ni usahaulifu. Mwaka 2024 wakaguzi wa TSA, idara ya usalama wa viwanja vya ndege, walikamata silaha 6,678 kwenye mikoba ya mkononi, na karibu 94 katika kila 100 zilikuwa na risasi. Ni watu kama sisi, mkoba wa kila siku, asubuhi ya haraka. Faini inaweza kuzidi dola 15,000, achilia mbali polisi wa hapo uwanjani. Mimi mkoba ninaobebea bastola siusafirii kamwe. Nina mkoba mwingine kabisa wa safari, wa rangi nyingine, ili hata mkono wangu ujue.

Na ogopa ndege ya kuunganisha. Mwaka 2005 bwana mmoja wa Utah alikuwa anakwenda Allentown, Pennsylvania, kupitia Newark. Alifuata kila kanuni, alitangaza bastola Salt Lake City. Ndege ikachelewa, akakosa ya kuunganisha, wakamkabidhi begi lake, akalala nalo hoteli ya uwanjani. Asubuhi akaenda kuitangaza tena kwa uaminifu uleule, akakamatwa, maana usiku ule begi lilikuwa mikononi mwake ndani ya New Jersey. Mashtaka yalifutwa, lakini aliposhtaki kutafuta haki yake mahakama ya rufaa ilimkatalia mwaka 2010. Ukikwama New York au New Jersey na begi lenye silaha, usilipokee. Mwambie mtu wa shirika alibakize.

Mabasi ya Greyhound hawaruhusu hata kwenye mzigo wa chini. Treni za Amtrak wanaruhusu kwa mzigo uliokabidhiwa, ila uwape taarifa kwa simu saa 24 kabla, na si kila kituo kinapokea mizigo.

Mwanafunzi_Lafayette

Naomba niingize swali. Mimi niko kwa viza ya masomo. Rafiki zangu wananiita uwanja wa kulenga shabaha wikendi, wanasema silaha ni zao, mimi nitapiga tu. Kuna shida?

DerevaMstaafu

Usiende, mwanangu. Mwenye viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, sheria ya shirikisho inamkataza kumiliki silaha au risasi, na kuishika mkononi pale uwanjani kunahesabika. Kuna misamaha michache, mmojawapo ni kuwa na leseni halali ya kuwinda ya jimbo lolote. Bila huo, kaa nyumbani usome. Picha moja mtandaoni ukiwa umeishika inatosha kuwa ushahidi.

Kijana_wa_I75

Mzee, nimesoma na nimekaa kimya nusu saa. Mimi nimezaliwa hapa, baba ndiye aliyetoka Tanga. Sikuwahi kufikiria kwamba kosa langu na kosa la dada yangu mwenye grin kadi yana bei tofauti. Nafuta niliyosema kuhusu kuibeba.

Lakini niulize kwa nia njema. Kama hana sefu ya kuaminika nyumbani, na mtoto anabaki pale? Kuiacha nako si hatari? Na kama lazima aisafirishe, afanyeje?

DerevaMstaafu

Swali zuri, na mtoto kweli nilimpita. Mama Tumaini, kama mtoto anabaki na sefu ni ile ya kufungua kwa ufunguo unaotundikwa jikoni, basi sefu hakuna. Mpigie simu sherifu, au duka ulikonunulia, uwaulize kama wanapokea kwa kuhifadhi, wengine hupokea.

Ikibidi kwenda nayo, itoe risasi nyumbani kwako, chumbani, umetulia. Usifanye kazi hiyo kwenye kituo cha mafuta Gary huku unatazama mlango. Mikono yenye wasiwasi ndiyo inayofyatua. Angalia chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa jicho, halafu kwa kidole. Bastola ndani ya kasha lenye kufuli, risasi kwenye boksi jingine, vyote kwenye buti, chini ya mabegi. Iwe hivyo Columbus hadi mlangoni kwa kaka. Illinois inaruhusu kusafirisha silaha isiyo na risasi iliyofungiwa hivyo, na ndani ya nyumba ya kaka kwa idhini yake si kosa. Mkataba wake wa pango usomwe kwanza. Na ibaki humo chumbani, isiende hospitali na kurudi. Hizo magazini zako za 10 ni salama. Tangu 2023 Illinois inakataza za bastola zinazozidi 15, na baadhi ya maeneo yana kikomo chini ya hapo.

Ukisimamishwa: taa ya ndani washa, mikono juu ya usukani, usichokonoe mkoba kutafuta leseni kabla hujaambiwa. Ohio kwa sasa, na Illinois, unawajibika kusema ukiulizwa. Michigan unatakiwa kusema mara moja bila kuulizwa, kwa hiyo usipitie huko kwa bahati mbaya. Ukiulizwa, neno bastola lisiwe la kwanza kutoka. Anza na kibali: nina kibali cha Ohio, silaha iko kwenye buti, haina risasi, imefungiwa. Halafu kaa kimya. Akitaka kupekua, una haki ya kusema hukubali, kwa adabu, bila kumzuia. Akikukamata, omba wakili, na maneno ya pili yawe: mimi si raia. Hayo mwambie wakili, si askari.

Mkononi kwa zile hatua mia mbili, Illinois inamruhusu mtu mwenye miaka 18 na kuendelea kuwa na kopo la pilipili ya kupulizia. Uliza walinzi kama linaingia ndani au linabaki garini.

MamaTumaini

Shikamoo mzee. Nimesoma yote kwenye mapumziko ya saa nane usiku, nimesimama chooni ili wenzangu wasinione uso.

Zile hatua mia mbili umezihesabu kweli. Nilikuwa nazibeba kichwani bila kujua kwamba ndizo peke yake. Nimekaa nikajiuliza, je, nikiiacha nitaweza hata kuendesha? Maana miaka mitatu hii sikuwahi kutoka usiku bila ule uzito kiunoni. Sina jibu la kishujaa. Ila nina mtoto wa miaka 14 na usaili wa uraia, na kaka aliyefunguliwa kifua hawezi kuja kunitoa kituo cha polisi.

Tumaini anakwenda kwa shangazi yake Dayton, nitamshusha njiani, maana ni I-70 ile ile. Sefu ninayo, ya namba, imefungwa kwa boliti sakafuni kabatini, nimebadilisha namba leo asubuhi. Bastola imo. Nimempigia simu muuguzi wa wodi, nimemuuliza habari ya walinzi. Akasema wapo saa 24 na niombe tu, akanipa namba ya meza yao. Nimeiandika kwenye kikaratasi nikakibandika nyuma ya simu.

BiRehema_Phoenix

Ukifika tuandikie, hata neno moja.

MamaTumaini

Nimefika. Samahani ni siku ya sita ndiyo naandika. Upasuaji ulichukua saa tano na nusu. Jana amekaa kitini, leo ametembea kutoka kitandani hadi dirishani akiwa ameshika ule mto wa kukumbatia wakati wa kukohoa, akaniuliza kama nimekula.

Usiku wa kwanza nilisimama pale mlangoni kwa dakika kumi. Mkono ulikwenda kiunoni wenyewe, haukukuta kitu, nikahisi miguu inaisha. Nikarudi ndani, nikamwambia mlinzi. Ni mama mtu mzima, mwenye goti bovu, anatembea polepole kuliko nilivyotaka. Tulivuka barabara pamoja, akasubiri mpaka nikafunga milango na kuwasha taa, akagonga paa la gari mara mbili. Tangu hapo ikifika saa tano kasoro robo ananipigia wodini kabla sijampigia. Jana alinisimulia habari za mwanawe njia nzima.

Mzee, leo kuna askari wa barabarani alinisimamisha karibu na makutano ya I-57, taa ya nyuma ya kushoto imekufa. Aliniuliza kama kuna silaha ndani ya gari. Nikamwambia hapana. Akaniandikia onyo, akasema nikabadilishe balbu.

DerevaMstaafu

Marahaba, mwanangu. Balbu hiyo ibadilishe leo leo, usingoje kesho. Na ya kulia uitazame pia.